Hatupyani Mtu Aliye Hai

Kaka yangu alipotoka hospitali, haikupita hata wiki, ukoo ukaanza kumgawana. Alikuwa hai. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao mbele ya nyumba aliyoijenga mwenyewe kwa matofali, katika mtaa wetu wa Likasi, akiwatazama watu wakiingia na kutoka. Baba mkubwa, kaka wa marehemu baba yetu, alikuja kutoka Kambove kumwona mgonjwa. Akanywa maji, akasali pamoja nasi, na alipoondoka, aliondoka juu ya baiskeli ya kaka. Hakuna aliyemzuia. Hata mimi sikumzuia.

Ninaandika nikiwa bado na nguo za kufiwa, kwa kuwa sasa kaka amekufa kweli. Kati ya siku ile ya baiskeli na kifo chake ilipita miaka kumi na saba, na miaka hiyo ninajivunia. Sikusoma sana. Nilimaliza shule ya msingi, kisha masista wakanifundisha kushona. Kwa hiyo nitasema nilivyoona, na pale nilipokosa nitasema nilikosa.

Kaka alikuwa fundi wa pampu katika kiwanda cha shaba cha ile kampuni ya serikali ambayo kwetu kila mtu aliiita Kampuni tu, kana kwamba duniani hakuna nyingine. Malaria ilimpanda kichwani. Alilala siku tisa bila kufungua macho, na alipoyafungua, mtu aliyeamka hakuwa yule aliyelala. Maneno yake yalikuwa machache. Alisahau kama amekula. Ukimwomba viatu alivyovaa, alivivua akakupa. Ukimwekea karatasi na kalamu, alitia sahihi bila kuuliza. Mke wake alikuwa amefariki alipomzaa mtoto wa pili, na tangu hapo mimi nilikuwa nimehamia kwake kulea mabinti zake wawili, mkubwa wa miaka tisa na mdogo wa miaka miwili. Sikuwa nimeolewa, na watu walikuwa na maneno yao juu ya hilo.

Siku moja alifika mama mmoja wa Kampuni, yule aliyeshughulikia familia za wafanyakazi. Alikuja kwa pikipiki ndogo na hakuvua hata kofia yake ngumu. Alisema kaka hawezi tena kutia sahihi, na Kampuni haiwezi kukabidhi haki zake na za watoto kwa mtu yeyote tu. Ukoo ukae, uchague *tuteur*, kisha tribunali, yaani mahakama, imkubali.

Mama yetu akauliza, "Tutere njo nini, mama?"

Yule mama alikuwa na haraka. Alikuwa na nyumba nyingine za kupitia. Akajibu, "Njo muntu ya kukamata fasi yake," akawasha pikipiki.

Sijui kama aliwahi kufahamu alichotuachia pale mlangoni. Maana kwetu, mtu anayekamata nafasi ya mwenzake ana jina la zamani sana. Ni mpyani. Mtu akifa, ukoo unamchagua mmoja ampyane marehemu: achukue jina lake, akalie kiti chake, awe baba wa watoto wake. Jambo hilo ni zuri, linazuia jina lisipotee. Lakini linafanywa baada ya mazishi.

Baraza la ukoo lilikaa Jumapili baada ya misa, sebuleni kwa kaka, naye kaka akiwa nje juani na sahani yake ya ugali. Baba mkubwa alikuwa amepanga kila kitu. Nyumba ingeandikwa kwa jina lake na kupangishwa. Kaka angepelekwa shambani upande wa Kambove, apumzike. Binti mkubwa angekaa kwa baba mkubwa, amsaidie mke wake. Mdogo angepelekwa kwa ndugu za marehemu mama yake kule Bukama, safari ya treni.

"Minye njo mukubwa mu hii jamaa," akasema. "Minye njo nitamupyana."

Mama akageuza shingo kuelekea mlangoni. "Utamupyana? Naye anakula bukari pale inje?"

Watu wakacheka. Kaka aliposikia kicheko akacheka naye, huko huko nje, mdomo umejaa, na kicheko cha ndani kikakatika.

"Mucheke tu," akasema baba mkubwa. "Ule mama wa Kampuni alisema yeye mwenyewe: muntu ya kukamata fasi. Fasi ya muntu inakamatwa namna gani, kama haiko kupyana?"

"Fasi yake anaikalia yeye mwenyewe," mama akajibu. "Utamutosha mu kiti, ukae weye?"

Nikasema, "Baba, minye nitabakia nabo. Bote watatu. Hapa hapa."

Alinitazama kwa huruma, na ile huruma iliniuma kuliko tusi. "Weye? Mwanamuke hana bwana, ataongoza nyumba ya mwanaume? Shona marinda yako, mutoto yangu."

Hatukukubaliana. Nusu walikuwa upande wake, kwa sababu desturi ilikuwa upande wake. Kwa hiyo ukoo ulipeleka tribunalini majina mawili, lake na langu, na kwa wiki tatu nilikuwa nikiwatazama wale watoto wakilala kitanda kimoja, najiuliza ni yupi nitamfungia nguo kwanza.

Hakimu alikuwa mtu wa mbali, wa jimbo jingine. Alisema Kifaransa, na karani mzee ambaye miwani yake ilifungwa kwa uzi alitugeuzia kwa Kiswahili. Baba mkubwa hakuona sababu ya kaka kuletwa. "Atafanya nini kule? Hajue hata leo ni siku gani." Lakini karatasi ya wito ilisema mgonjwa mwenyewe aonekane. Nilimwogesha, nikamvalisha shati jeupe, tukaenda kwa miguu, yeye akimsalimia kila mtu njiani kama mtu anayekwenda kazini.

Hakimu alimwita mbele na kumwita *citoyen*, yaani mwananchi, kama tulivyolazimika kuitana wote miaka ile. Nilifurahi. Tangu hospitali watu walikuwa wakimwita "ule mugonjwa".

"Unajua hapa ni wapi?"

"Ku biro," kaka akajibu, maana yake ofisini.

"Nani anakupikia chakula?"

"Mudogo yangu." Akaninyooshea kidole.

"Na huyu baba, unamjua?"

Kaka akamtazama vizuri. "Njo baba mukubwa. Iko na kinga yangu."

Kinga ni baiskeli, kwa Kiswahili chetu cha huku. Watu waliokuwa kwenye mabenchi wakingojea kesi zao walipasuka kwa kicheko. Karani alicheka kwanza, ndipo akatafsiri, na hakimu ilimbidi angoje.

"Ulimpa wewe?" akauliza.

Kaka akafikiri. Alikuwa akifikiri polepole, unaona kabisa wazo likipanda ngazi. "Hapana. Alienda nayo."

Baba mkubwa akasimama bila kuitwa. "Bwana Juje, sikuiba! Nilikuwa nimeanza kumupyana!"

Hapo karani akakwama. Akavua miwani, akaivaa tena. Alieleza kwa Kifaransa kwa muda mrefu, mikono yake ikichora mtu anayelala na mwingine anayekaa mahali pake. Hakimu alisikiliza, kisha akauliza neno fupi, na karani akaligeuza kwa sauti ya chini: "Juje anauliza: kupyana haiko ya bafu, ya bantu balikufa?"

"Ndiyo, ni ya bafu," baba mkubwa akakubali.

"Sasa huyu sitwayen, amekufa?"

Hakimu alikuwa amemtazama baba mkubwa, lakini aliyejibu ni kaka.

"Bado," akasema.

Safari hii waliocheka walikuwa wachache, na hawakucheka kwa muda mrefu.

Ndipo hakimu akaeleza, na karani akatafuta maneno ya kutuambia. Nimeyashika mpaka leo, kwa sababu yule mzee aliyasema kana kwamba ni ya kwake: "Juje anasema hivi. Tutere haikamate fasi ya muntu. Fasi inabakia ya mwenyewe. Tutere inasimama pembeni tu. Pale hawezi, inamukamata mukono. Pale anaweza, inamuachilia. Batoto nabo, ni vile vile: anabachunga mupaka bakomee, bakuwe bakubwa, kisha anabaacha."

Mama yetu akaitikia kwa sauti, "Aaa!" kama kanisani.

Nilijua nimeshinda. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya kitenge changu niketi vizuri. Kisha hakimu akauliza swali jingine, la kawaida tu, huku akiandika: je, kuna mtu mwingine katika ukoo aliyechukua kitu cha mgonjwa?

Kaka hakujua. Aliyejua ni mimi peke yangu.

Kaka alikuwa na suti moja, ya rangi ya buluu iliyokolea, aliyoivaa siku ya ndoa yake. Shule zilipofunguliwa binti mkubwa hakuwa na sketi ya sare, na kitambaa cha rangi ile kilikuwa ghali. Nikaitoa suti sandukuni, nikaikata. Sketi ilitoka nzuri sana, masista waliisifu. Siku ile ya tribunali mtoto alikuwa ameivaa, amekaa karibu nami, na magoti yangu yalikuwa yakiigusa.

Nikasimama. "Minye, Bwana Juje. Nilikata suti yake ya ndoa."

"Munaona!" baba mkubwa akapaza sauti, akapiga makofi. "Munaona, bantu! Yeye njo mwizi ya kweli!"

Hakimu akauliza, "Ulimwomba ruhusa?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Ningeweza kusema ni kwa ajili ya mtoto, na ingekuwa kweli nusu. Nilisema nusu ile nyingine. "Nilifikiri hataivaa tena."

Karani alitafsiri polepole. Mimi pia nilikuwa nimempyana kaka yangu akiwa hai. Baba mkubwa alitumia pedali, mimi nilitumia mkasi. Nilibaki nimesimama, nikiamini kwamba kwa mdomo wangu mwenyewe nimewatawanya wale watoto.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Kisha karani akatusomea. Mimi niliwekwa kuwa mlezi wa kaka na wa mabinti, wote watatu, katika nyumba ile ile, ambayo ingebaki kwa jina la kaka. Lakini haikuishia hapo. Sheria inataka awepo na mtu wa pili, wa kumwangalia mlezi, na hakimu alimweka baba mkubwa. Arudishe baiskeli, na aje mara kwa mara kujionea kwa macho yake. Karani alifupisha hivi: "Huyu mama atabachunga. Na weye, baba, utamuchunga huyu mama."

Siku ile sikufurahi kama ilivyopasa. Niliona nimepewa vifaranga, na kipanga amepewa kazi ya kuhakikisha hawapotei. Baba mkubwa yeye alitoka akiwa amenyoosha shingo. Alikuja bila cheo, akaondoka nacho.

Alikifanyia kazi, hilo nalikiri. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi alifika kutoka Kambove, akafunua vyungu, akadai daftari za watoto, akamwuliza kaka kama amelala vizuri. Nilimchukia miezi mingi. Mpaka siku aliyonikuta na kosa kubwa.

Nilikuwa nikishona kwenye banda la sokoni, na kaka alikuwa na tabia ya kuondoka nyumbani na kupotea. Mara moja aliokotwa kwenye njia ya Shinkolobwe, miguu mitupu. Niliogopa. Nikaanza kumfungia ndani kwa kufuli asubuhi, na kumfungulia mchana. Sikumwambia mtu. Baba mkubwa alifika siku isiyo yake, akamkuta kaka dirishani, ameshika nondo, anamsalimia kwa adabu zote. Alinifuata sokoni, akasimama mbele ya cherehani yangu, watu wote wakisikia.

"Tribunali ilikupatia muntu," akasema. "Haikukupatia mbuzi."

Jioni ile ile nilibeba cherehani nyumbani. Nilipoteza wateja wa sokoni, lakini wengine wakanifuata, na sebule ikawa banda langu la kushonea. Kaka aliwapokea wateja, akawapa kiti, akawauliza habari za nyumbani, kisha akawauliza tena. Wanawake walimpenda. Alikuwa hana haraka, na hakuna mtu mwingine Likasi aliyeuliza habari mara mbili.

Tangu suti ile nilijiwekea kanuni: nimuulize. Shati gani leo? Tupike sombe au maharagwe? Mara nyingi alijibu "Yote ni muzuri," lakini niliuliza. Wakati mmoja maisha yalikuwa magumu, na mwalimu fulani alitaka kupanga chumba cha nyuma. Nilijua jibu zuri ni lipi. Nikamuuliza kaka.

"Hapana," akasema. "Ile chumba ni ya batoto."

Nilikuwa na haki ya kuamua bila yeye, mukanda wa tribunali, ile karatasi ya hakimu, ulikuwa sandukuni. Nilimrudisha yule mwalimu. Tulikula vibaya mwaka ule. Lakini hilo ni mojawapo ya mambo yanayonifanya nitembee kichwa juu.

Binti mkubwa alisoma ualimu, akaajiriwa, na kijana mmoja akatuma wazee wake. Walikuja na maneno mazuri, na kwa kuwa walikuwa wameuliza mtaani kwanza, walimwelekea baba mkubwa, aliyekuwa sasa mzee wa fimbo. Wakaanza kumwaga salamu. Akainua mkono, akawakata.

"Minye haiko baba yake," akasema. "Baba yake iko pale. Mumuambie yeye."

Wale wazee walitazamana. Walijua kaka ni mtu wa namna gani. Lakini waligeuka, wakamweleza yote tangu mwanzo, kwa heshima, kama anavyoelezwa baba mwenye binti. Kaka alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia binti yake, ambaye alikuwa amekaa mkekani macho chini.

"Na weye, mama," akamwuliza, "unasema nini?"

Mpaka dakika ile hakuna mtu mle ndani aliyekuwa amemwuliza. Alisema ndiyo, na alilia kidogo, na ndoa ikafungwa.

Baba mkubwa alitangulia. Nilimlilia kwa sauti, nisiyekuwa mtu wa kulia kwa sauti. Miaka miwili baadaye kaka alikunywa uji wake asubuhi, akasema atapumzika kidogo, akaingia chumbani kwake. Aliondoka hivyo, bila kelele, akiwa ametandika shuka vizuri. Binti mdogo, aliyekuwa ametimiza miaka kumi na tisa, ndiye aliyemkuta.

Baada ya mazishi nilichukua mukanda wa tribunali, nikaurudisha. Yule karani wa miwani ya uzi hakuwepo tena. Alikuwepo msichana mmoja, safi, na kitabu kikubwa mbele yake. Aligeuza karatasi yangu huku na huku.

"Mama, bantu habarudishake hii," akasema. "Muntu akikufa, banabakia nayo tu. Nitafanya nayo nini?"

"Sijue. Juje alinipatia, minye nairudisha."

Alifungua kitabu, akatafuta mpaka akapata mstari wetu, wa miaka kumi na saba nyuma. Mwishoni palikuwa na nafasi tupu ya kuandika kwa nini ulezi umekwisha. Akaandika neno moja la Kifaransa.

"Inasema nini?"

"Kifo."

"Ile ni ya yeye. Uandike na ya yangu."

Akacheka. "Ya yako njo gani, mama?"

"Andika: batoto bote babili bakakomea mu nyumba ya baba yabo, na baba yabo alifia mu nyumba yake."

Alitazama ile nafasi, iliyokuwa finyu kama kucha. Nilidhani atanifukuza. Akakizungusha kitabu, akaandika pembeni, kwa herufi ndogo, kutoka chini kwenda juu. Kisha akanigeuzia kitabu na kunipa kalamu, nami nikatia sahihi jina langu lote, bila kufupisha.